Viwanja vya Mpira na Swali la Mali ya Umma: Kumbukumbu za Shabiki Msafiri

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara ni wapi watapata vyanzo vya historia ya uchumi na siasa ya nchi yetu baada ya Uhuru. Huwaelekeza kwenye Nyaraka za Taifa, magazeti ya zamani na taarifa rasmi za Bunge. Kisha huwaongezea chanzo kimoja kisichomo katika orodha ya vitabu vya kozi yoyote: kateni tiketi ya basi, ifuateni timu yenu ugenini.

Sisemi hivyo kwa mzaha. Kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano nimesafiri nyuma ya mpira, kutoka Mtwara hadi Bukoba, kutoka Tanga hadi Mbeya. Timu yenyewe sitaitaja, maana nusu ya wasomaji wangu wataacha kusoma hapa hapa, na nusu nyingine watanikubalia kila neno bila kulipima. Ninachotaka kukieleza ni kile nilichojifunza njiani: kwamba ukiyasoma vizuri majina ya viwanja, ukiyahesabu makaburi ya timu, na ukiuliza hati ya kila uwanja iko mikononi mwa nani, unaipata historia ya mali ya umma Tanzania katika muhtasari usiozidi dakika tisini.

Tuanze na safari yenyewe. Shabiki aliyekwenda Mtwara kabla ya mwaka 2003 anakumbuka kivuko cha Ndundu. Mto Rufiji ukifurika, ratiba ya ligi haikuwa na maana yoyote. Abiria walisubiri kando ya mto, na mechi nayo ikawasubiri au isiwasubiri. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka huo ndipo wengi wetu tulipotambua kwamba mikoa ya kusini ilikuwa imeishi miongo minne ya Uhuru ikitegemea hisani ya maji. Vivyo hivyo kwa Bukoba. Waliozoea kwenda Kaitaba kwa meli hawawezi kuisahau Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuchukua mamia ya roho. Kwa miaka mingi tena mabasi yalikatazwa kutembea usiku, na katazo hilo likaondolewa mwaka 2023. Katika kipindi hicho chote shabiki alilazimika kulala njiani, Iringa au Singida, katika nyumba za wageni za bei nafuu, akibishana na watu asiowajua. Humo nilijifunza bei ya mahindi, bei ya pembejeo na hali ya zahanati za vijijini kuliko katika semina yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Pili, majina. Uwanja wa Majimaji mjini Songea unabeba jina la vita vya 1905 hadi 1907, katika mji ambao Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni Februari 27, 1906. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, unamkumbuka Sheikh Kaluta Amri Abeid, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na malenga aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi, ambaye alifariki mwaka 1964 akiwa waziri. Mbeya kuna Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili 12, 1984. Iringa kuna Samora. Kijana asiyewahi kufungua kitabu cha historia hutamka majina haya kila wiki. Yeyote aliyeyachagua alielewa kwamba uwanja wa mpira ni mahali ambapo taifa hujitazama. Si bure kwamba usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Uingereza iliteremshwa na yetu kupandishwa katika Uwanja wa Taifa, huu tunaouita leo Uwanja wa Uhuru.

Klabu zenyewe zina hadithi hiyo hiyo. Yanga ilizaliwa mwaka 1935, na watani wao mwaka mmoja baadaye. Hao wa pili walipitia majina ya Queens na Eagles kabla ya kujulikana kama Sunderland, jina la mji na timu ya Uingereza, hadi mwaka 1971 walipojiita Simba. Muongo mmoja baada ya Uhuru, ukombozi ulikuwa bado unaendelea mitaa ya Kariakoo.

Tatu, makaburi. Ukisafiri kwa mpira utakutana na timu zilizokufa kama vile msafiri wa pwani anavyokutana na magofu. Reli ya Morogoro. Ushirika ya Moshi. Sigara ya Dar es Salaam. Mecco ya Mbeya. Bandari ya Mtwara. Yasome majina hayo taratibu, utagundua kwamba si majina ya timu tu, ni orodha ya sekta za uchumi wa Azimio la Arusha: reli, vyama vya ushirika, viwanda, ujenzi, bandari. Mchezaji alikuwa mfanyakazi, basi la timu lilikuwa la shirika, na mshahara ulitoka dirisha moja na wa fundi au karani. Mashirika yalipoanza kurekebishwa na kuuzwa miaka ya 1990, hakuna aliyeandika katika mkataba wa mauzo kwamba timu nayo ina wenyewe. Zilikufa kimya kimya, moja baada ya nyingine. Mashamba ya miwa yalipoendelea kuzalisha, timu zake zilibaki, na Mtibwa Sugar ikatwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000.

Tazama matokeo yake. Mwaka 1985 na 1986 Majimaji ya Songea ilikuwa bingwa wa Muungano. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu kutoka mji mdogo wa Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Bara. Mwaka 1988 ikawa zamu ya Coastal Union ya Tanga. Tangu mwaka 2001 hadi leo, ukiitoa Azam katika msimu wa 2013/14, kombe halijatoka mikononi mwa Simba na Yanga, na zote tatu makao yake ni Dar es Salaam. Wapo wanaoliona hili kama suala la usajili na makocha. Mimi naliona kama sura ya nchi ambayo mikoa yake ilipoteza viwanda, ikapoteza ajira, kisha ikapoteza hata sababu ya kukutana Jumamosi alasiri.

Ombwe hilo lilijazwa na nani? Iangalie ligi ya miaka hii: JKT Tanzania, Tanzania Prisons, Mashujaa, hizo ni za majeshi. KMC, Dodoma Jiji, Mbeya City; hizo zimetoka katika halmashauri. Pamba ya Mwanza, iliyokuwa fahari ya zao la pamba Kanda ya Ziwa, ilipotea Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka ishirini na kurejea mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Jina la zao limebaki, ila mlezi sasa ni jiji. Kwa maneno mengine, mpira wa mikoani haukuwahi kuacha kutegemea fedha ya umma. Ulichobadilisha ni dirisha la kupokelea tu.

Hapa ndipo ninapofika kwenye hoja yangu kuu, nayo ni ya nne: hati.

Nenda Mwanza. Katika jiji moja kuna viwanja viwili. Nyamagana ni wa Halmashauri ya Jiji. Kirumba, ulio mkubwa zaidi, ni wa Chama Cha Mapinduzi, na jina lake halifichi jambo hilo. Nenda Mbeya, Sokoine ni wa chama. Nenda Arusha, Sheikh Amri Abeid ni wa chama. Tanga, Mkwakwani, Mtwara, Nangwanda Sijaona, Tabora, Ali Hassan Mwinyi, ni hivyo hivyo. Morogoro kuna uwanja unaoitwa Jamhuri, lakini mmiliki wake si Jamhuri.

Ilikuwaje? Mwaka 1965 Katiba ilitambua chama kimoja tu kwa Tanzania Bara, na kingine Zanzibar. Mwaka 1975 ikatamkwa kwamba chama ndicho kinachoshika hatamu. Mwaka 1977 TANU na ASP viliungana kuwa CCM. Katika mazingira hayo, mstari kati ya chama, serikali na umma haukuwapo, na kwa mantiki ya wakati ule haukuhitajika. Wazee niliokaa nao majukwaani husimulia walivyochangia: mkulima kupitia ushirika wake, mfanyakazi kupitia mshahara wake, kijana kwa nguvu zake za kuchimba msingi. Hawakuulizwa kadi. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa Julai 1, 1992, mstari ule ulitakiwa uchorwe. Haukuchorwa. Kilichojengwa wakati chama kilikuwa ndiyo nchi kilibaki mali ya chama wakati nchi imekuwa na vyama vingi.

Wapo wanaoitetea hali hii, na hoja zao zinastahili kusikilizwa. Wanasema chama ni mrithi halali wa TANU, kwamba kimevitunza viwanja hivyo kwa miongo mingi, na kwamba umiliki uliosajiliwa kisheria hauondolewi kwa kelele. Nakubali kwamba sheria ni sheria. Lakini hoja ya utunzaji ina udhaifu unaoonekana kwa macho. Mara ngapi Bodi ya Ligi imefungia viwanja vya mikoani kwa ubovu wa eneo la kuchezea, na timu zikalazimika kuhamia mkoa mwingine, huku mashabiki wake wakibaki na redio? Pia kuna jambo zito zaidi ambalo watumishi wa halmashauri wanalifahamu kuliko mimi. Mbeya City, iliyoasisiwa na jiji, hucheza Sokoine. Pamba Jiji hucheza Kirumba. Katika mgawo wa mapato ya mlangoni, uwanja una fungu lake. Hivyo timu inayolelewa na kodi ya wananchi wote hugawana mapato na mwenye uwanja ambaye ni chama kimoja cha siasa, katika uwanja ambao babu wa mlipa kodi huyo huenda ndiye aliyeuchimbia msingi.

Kuna mfano karibu na nyumbani unaoonyesha njia tofauti. Mei 25, 2025, Simba ilicheza mkondo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Mchezo uliisha kwa sare ya 1-1, na kombe likaenda Morocco kwa mabao ya mkondo wa kwanza. Nilivuka bahari pamoja na umati ule, na kilichonivutia zaidi ya mpira ni uwanja wenyewe. Amaan ni mali ya Serikali ya Mapinduzi. Ulipochakaa, serikali iliukarabati na kuufungua upya mwishoni mwa mwaka 2023, na hapakuwa na haja ya kuuliza kwa nini fedha ya umma inatumika pale. Jaribu kuuliza swali hilo hilo juu ya Kirumba. Serikali ikiukarabati, inakitajirisha chama kimoja. Isipoukarabati, inawaadhibu wakazi wa Mwanza. Mtego huo tumejitegea wenyewe mwaka 1992.

Sipendekezi uporaji. Napendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji katiba mpya. Kwanza, Sheria ya Vyama vya Siasa inavitaka vyama vyote viwasilishe kwa Msajili taarifa ya mali zao kila mwaka. Sehemu ya viwanja ichapishwe hadharani, pamoja na namna na mwaka kila kimoja kilivyopatikana. Pili, vyuo vikuu vyetu vitume wanafunzi wa historia wakakusanye masimulizi ya waliovijenga viwanja hivyo kabla kizazi hicho hakijaondoka chote. Hii ni kazi ya shahada za uzamili kumi au kumi na tano, wala haihitaji mfadhili wa nje. Tatu, halmashauri na chama vijadili ukodishaji wa muda mrefu, wa miaka thelathini au zaidi, ili fedha ya umma iweze kuingia kihalali na wananchi wawe na haki ya kuuliza imetumikaje.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika. Mabilioni yanajenga na kukarabati viwanja vichache vitakavyoonekana kwenye runinga za dunia, na mimi nitakuwamo majukwaani nikishangilia kama wengine. Lakini mashindano hayo yataisha. Jumamosi inayofuata Songea, Tabora, Mtwara na Mbeya zitahitaji mahali pa kukutana. Kwa mtumishi wa halmashauri anayesoma haya, kazi inaweza kuanza Jumatatu asubuhi kwa kutafuta jalada la kiwanja hicho masijala na kuangalia ukurasa wa kwanza umeandikwa jina la nani, na mwaka gani.