Fukusi, Mvua na Gugu Maji: Jinja katika Miaka ya 1990
Gugu maji lilipoziba ghuba za Jinja, wavuvi walishindwa kushusha mitumbwi, na mitambo ya umeme ya Owen Falls ikawa hatarini. Tiba ya kibiolojia iliyochaguliwa haikuwa samaki mla-majani; ziwa lilikwisha kupandikizwa sangara, mputa kwa Waganda, tangu miaka ya 1950. Waliletwa fukusi wenye asili ya Amerika Kusini, wakaachiliwa Ziwa Viktoria mwishoni mwa 1995. Kufikia 1998 gugu lilikuwa limeporomoka. Ripoti nyingi huwapa fukusi sifa yote. Naona ni haraka mno: mvua za El Nino za 1997–98, pamoja na upepo na mawimbi, ziliikuta mimea imekwisha kudhoofishwa. Mpanga sera anayehesabu fukusi peke yao hukadiria vibaya muda ambao wavuvi watalazimika kusubiri.