Jackie Robinson, Mchezaji Mstahimilivu

Uko ushujaa wa kupigana, na uko ushujaa wa kuuzuia mkono usipige. Wa kwanza husifiwa upesi. Wa pili mara nyingi hudhaniwa kuwa woga. Msomaji akitaka kujua ulio mgumu zaidi, na ayatazame maisha ya Jackie Robinson wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 katika jimbo la Georgia, ukoo wake ukiwa umetoka utumwani. Baba aliikimbia nyumba, na mama akawachukua watoto wake watano mpaka Pasadena, California, akawalea kwa utumishi wa nyumba za watu. Jackie alipofika chuo kikuu alivuma katika michezo minne. Kisha aliingia jeshini. Mwaka 1944 aliamriwa akae nyuma ya basi kwa sababu ya rangi yake; akakataa. Alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akaonekana hana hatia. Basi, hakuwa mtu wa kuogopa ugomvi.

Mchezo wa besiboli, ambao mtu huupiga mpira kwa gongo na kuzunguka vituo vinne mbio, ulipendwa mno na Wamarekani. Lakini kwa zaidi ya miaka 50 timu kubwa zilikuwa za wazungu tu. Watu weusi walicheza katika ligi zao wenyewe. Mwaka 1945 Branch Rickey, mkuu wa timu ya Brooklyn Dodgers, alimwita Robinson. Alimwonya kwamba atatukanwa, na kwamba hana ruhusa ya kulipiza, kwa maana ugomvi mmoja ungewapa maadui sababu ya kuufunga mlango tena. Robinson alikubali.

Tarehe 15 Aprili 1947 aliingia uwanjani. Matusi yalimnyeshea kama mvua. Aliandikiwa barua za kumtishia maisha, na baadhi ya wachezaji wa timu yake mwenyewe hawakumtaka. Yeye alijibu kwa gongo na kwa wepesi wa miguu. Mwaka ule alitajwa mchezaji mpya bora. Mwaka 1949, mchezaji bora wa ligi yake. Na mwaka 1955 timu yake ilitwaa ubingwa. Ahadi yake ilipokwisha alifungua kinywa, wala hakunyamaza tena mbele ya dhuluma.

Sisi wa Kenya tuna deni kwake. Mwaka 1959, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, aliomba michango ya nauli ya wanafunzi waliokwenda kusoma Marekani kwa juhudi za Tom Mboya. Ndege ya mwaka ule ilichukua vijana 81.

Alifariki tarehe 24 Oktoba 1972, akiwa na umri wa miaka 53. Mwaka 1997 namba yake, 42, iliwekwa akiba katika timu zote kubwa kwa heshima yake. Wahenga walisema mstahimilivu hula mbivu. Robinson alistahimili, na waliomfuata wakala pamoja naye.