Safari ya Elimu Kutoka Lamu

Mtu akisimama gatini Lamu mwezi wa Aprili, pepo za kaskazi zikiwa zimekwisha na za kusi hazijashika nguvu, huona bahari imelala. Wazee wetu waliyaita majira haya maleleji, kwa sababu upepo hauna mahali pake maalumu: leo huvuma huku, kesho kule. Kwa mfanya biashara yalikuwa majira ya kufunga hesabu. Kwa kijana aliyenuia kwenda ng'ambo kutafuta elimu yalikuwa majira ya wasiwasi, kwa kuwa yalimjulisha kwamba siku zake za kukaa nyumbani zimebaki chache.

Nataka kueleza habari za wasiwasi huo. Vitabu vya historia tunavyosomesha hutaja safari za wenye mali, na boriti za mikoko, na pembe, na tende zilizoletwa kutoka Basra. Habari za wanafunzi hupita katika mstari mmoja: fulani alizaliwa, akaenda Makka, akarudi hali amekuwa mwanachuoni. Baina ya kuzaliwa na kwenda pana miezi, aghalabu miaka, ambayo mwandishi ameiruka. Ninyi mnaosoma ukurasa huu, baadhi yenu mko katika miaka hiyo hiyo iliyorukwa.

Kwanza yapasa kufahamu amri ya upepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi, na ndiyo iliyovileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi hata Lamu, Pate, Mombasa na Unguja. Kusi hushika tangu Aprili mpaka Septemba, ikavirudisha. Lakini katikati yake, Juni na Julai, kusi huwa kali hata bahari husemwa imefungwa, na nahodha mwenye akili hakitoi chombo chake. Basi aliyetaka kwenda kaskazini alikuwa na milango miwili tu katika mwaka: mwanzo wa kusi, kabla haijachafuka, au mwisho wake, wakati wa demani. Aliyeukosa mlango wa kwanza alingoja wa pili; aliyeikosa yote miwili alingoja mwaka mzima. Na aliyefaulu kuondoka hakuweza kurudi kabla kaskazi haijaanza tena, hata akipata habari kwamba mama yake yu mahututi. Wala habari yenyewe haikuweza kumfikia upesi, maana barua nayo ilipanda chombo kile kile.

Kwa sababu hiyo maandalizi ya safari yalifanana na maandalizi ya mauti. Msafiri alilipa madeni yake, au akamweka mtu wa kuyalipa. Aliandika wasia. Alizunguka nyumba hata nyumba kutaka radhi: kwa jamaa, kwa majirani, kwa mwalimu aliyemchapa utotoni, na kwa yule aliyegombana naye juu ya jambo ambalo wote wawili wamekwisha lisahau. Mimi naamini kuwa katika shughuli zote za safari hii ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Kufunga mzigo wa mchele, samli, tende na papa mkavu ni kazi ya mikono. Kumtazama mtu usoni na kumwambia, "Niwie radhi, huenda tusionane tena," ni kazi nyingine.

Hata baadaye, meli za moshi zilipoanza, mambo hayakulegea kwa ghafula. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilianza kuchukua barua na abiria baina ya Aden na Unguja. Meli haikungoja upepo, lakini ilitaka nauli taslimu. Jahazi ilikuwa na huruma zaidi katika jambo hili: nahodha aliweza kumchukua mwanafunzi kwa ujamaa, au kwa kazi kidogo melini, au kwa kutaraji dua yake.

Katika watu wa Lamu waliosafiri kwa ajili ya elimu zama zile, nitamtaja mmoja kwa kirefu. Naye ni Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, aliyezaliwa Lamu karibu na mwaka 1860. Hakuwa wa ukoo wa masharifu, ijapokuwa mlango wa elimu ya Lamu zama zile ulikuwa umekaliwa zaidi na masharifu. Alisoma kwa Sayyid Mansab, mwanachuoni mkubwa wa mji ule, ambaye naye alikwisha kuvuka bahari na kusoma Makka na Hadhramaut. Tazameni jambo hili vizuri. Kijana yule hakwenda ng'ambo akiwa kipofu. Mwalimu wake alikwisha pita njia ile, akizijua bandari zake na watu wake. Mwanafunzi aliyetayarishwa na mtu aliyekwenda na kurudi hupungukiwa na nusu ya hofu. Nusu ya pili hapana mtu awezaye kumwondolea.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 Bakathir alikuwa Makka. Kisha akakaa Unguja, akajiunga na Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, kadhi na mwanachuoni aliyekuwa amefika Istanbul na Cairo. Umri wao ulikuwa takriban mmoja, na bado Bakathir alimkubali mwenziwe kuwa mwalimu wake. Akafungua darasa lake mtaa wa Ukutani, watu wakaja kusoma kwake. Mwanadamu wa kawaida angesema, "Sasa nimefika." Yeye mwaka 1897, akikaribia umri wa miaka arobaini, aliondoka tena, safari hii kwenda Hadhramaut, kwa uongozi wa Ibn Sumayt, akakae chini mbele ya masheikh wa Seiyun na Tarim kama mwanafunzi. Safari hiyo aliiandikia kitabu kwa Kiarabu.

Nimeifikiri sana safari hii ya pili. Kijana wa miaka ishirini akienda ng'ambo huogopa bahari, maradhi na upweke. Mtu mzima aliye mwalimu huogopa jambo jingine: kuulizwa suala mbele ya watu asijue jibu, kisha wanafunzi wake wa Unguja wakapata habari. Na nyakati zenyewe hazikuwa za utulivu. Mwaka 1895 pwani yetu iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza; Agosti 1896 jumba la Sultani wa Unguja lilipigwa mizinga. Mwenye kutafuta udhuru wa kubaki nyumbani asingekosa udhuru. Bakathir alikwenda, akarudi, akasomesha mpaka alipofariki mwaka 1925, mwaka ule ule aliofariki Ibn Sumayt.

Alipokwenda, alihitaji karatasi gani? Karatasi kuu ya mwanafunzi ilikuwa barua ya mwalimu kwa mwalimu: huyu ni mwanangu, namjua, mpokeeni. Akirudi, karatasi yake kuu ilikuwa ijaza, yaani ruhusa ya kusomesha, nayo pia ilitolewa na mtu kumpa mtu. Pasipoti kama tuijuavyo leo haikuwa bado sharti katika sehemu nyingi za dunia. Ni baada ya Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918 ndipo serikali zilipokaza milango, na mwaka 1920 mkutano uliofanyika Paris, chini ya Shirika la Mataifa, ukapatana juu ya umbo moja la kijitabu cha msafiri. Tangu hapo mwanafunzi hakutosheka kujulikana na mwalimu. Ilimlazimu ajulikane na karani.

Nisisahau kusema kwamba elimu ya Lamu haikuwa ya kutoka tu. Habib Saleh, mzaliwa wa Ngazija, alikuja akakaa Lamu, na Msikiti wa Riyadha alioujenga ukavuta wanafunzi kutoka pwani nzima na visiwani. Kwa hiyo wako waliolia Ngazija wakimuaga mtoto anayekwenda Lamu, kama walivyolia Lamu wakimuaga anayekwenda Tarim. Ng'ambo ni neno la mtu aliyesimama upande mmoja wa maji.

Zama za ukoloni njia ziligeuka. Mtoto wa Lamu aliyetaka masomo ya juu alielekea kusini: kwanza Mombasa, na aliyebahatika, Makerere, iliyofunguliwa Uganda mwaka 1922. Mwezi wa Septemba 1959 vijana 81 wa Kenya walipanda ndege Nairobi kwenda Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa huko. Na hata kufika mwaka 1963 vijana wa Afrika ya Mashariki waliokwenda kwa mpango huo walikuwa karibu 800. Wanavijiji walichanga fedha, kukafanywa karamu za chai ili kujaza nauli na fedha za matumizi. Hapa wasiwasi ulipata sura mpya. Mwanafunzi wa Bakathir alikuwa na deni la radhi. Kijana wa 1959 alikuwa na deni la kijiji kizima, na akishindwa mtihani, hakuwa ameshindwa peke yake.

Na leo? Leo tunayo bandari kubwa ng'ambo ya Manda, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, nayo haikujengwa kwa ajili ya mwanafunzi mwenye sanduku moja. Yeye hupanda boti mpaka Mokowe, akashika basi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 mabasi ya njia ile yalilazimika kusafiri kwa msafara, yakilindwa na polisi. Wako waliokwenda Khartoum, ambako vita vilizuka Aprili 2023 ikabidi wanafunzi waokolewe wakiacha vitabu vyao. Tarim yenyewe imo katika nchi iliyovurugwa na vita kwa zaidi ya miaka kumi. Hatari za njia, basi, hazijakoma. Lakini nikiwauliza wanafunzi wangu jambo linalowakosesha usingizi, hawataji hatari. Wanataja karatasi.

Msichana mmoja wa Faza, niliyemsomesha, alipata nafasi ya kusoma Uturuki pamoja na ada. Masomo yalikuwa yaanze Septemba. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na herufi moja tofauti na cheti cha mtihani, na jina la babake lilikuwa limeandikwa namna mbili. Kwa ajili ya herufi ile alivuka maji mara nne na kwenda Mombasa mara mbili. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, aliombwa vyeti vya babu yake, mtu aliyezaliwa zama ambazo watoto wa visiwani hawakuandikwa popote. Wale waliozaliwa mbali na mpaka huenda wasielewe. Kwa miaka mingi watu wa wilaya za mpakani, na wengi wa pwani, walihojiwa mbele ya kamati kabla ya kupewa kitambulisho. Februari 2025 ilitangazwa kwamba utaratibu huo umefutwa, na binti huyu alikuwa amekwisha kuonja uchungu wake. Alikonda. Akawa hataki kuulizwa habari ya safari. Watu waliokuja kumuaga mwezi wa Agosti walikutana naye sokoni mwezi wa Oktoba, akaona haya kana kwamba aliwadanganya.

Mimi ni mwalimu wa historia, na kazi yangu hunishawishi kuyapenda ya kale kupita kiasi. Hata hivyo nasema kwamba wale waliongoja upepo walikuwa na faraja moja aliyoikosa binti yule. Upepo uliwachelewesha wote pamoja, tajiri na maskini, na hapana aliyedhani kuwa bahari imefungwa kwa sababu ya kosa lake yeye. Karatasi humchelewesha mtu mmoja mmoja, naye hukaa usiku akitafuta kosa alilolifanya.

Visa ilitoka mwanzo wa Desemba. Nilikwenda Faza kumsaidia kufunga vitu. Bibi yake alikuwa amekaa barazani, akiuza tasbihi vidoleni, akanikaribisha kwa heshima, kisha akaniuliza, "Maalim, ni pepo gani sasa?"

Nikamjibu, "Kaskazi, bibi. Imekwisha kuanza."

Akatikisa kichwa. "Kaskazi huleta watu," akasema, "haipeleki."

Akainuka, akaingia ndani kutafuta udi wa kumfukizia mjukuu wake, na alfajiri ya siku ya pili tuliondoka Faza kwa boti, maji yakiwa yamejaa.