Gari jepesi la spoti: Je, nguvu zake zatosha kufika Todonyang?

SWALI la iwapo gari dogo la spoti lina nguvu za kutosha huulizwa mno na wanunuzi wa magari yaliyotumika kutoka Japani, na mara nyingi hujibiwa kwa tarakimu moja tu: idadi ya nguvu za farasi. Tarakimu hiyo haina maana kubwa mpaka ijulikane gari lenyewe litapita wapi.

Njia itokayo Kitale hadi Lodwar na Kakuma, pamoja na tawi lake linaloelekea Todonyang kwenye mpaka wa Kenya na Ethiopia, ni kipimo kizuri kuliko vingi. Ndani ya safari moja dereva hukutana na milima, lami iliyonyooka, joto kali na mchanga usio na mwisho.

Magari yanayohusika ni machache na yanajulikana. La kwanza ni Mazda MX-5, ambalo huko Japani huitwa Roadster. Toleo lake la nne, lililoanza kuuzwa mwaka 2015, lina injini ya sentimita za ujazo 1,496 yenye nguvu za farasi takriban 130, na uzito wake ni kama tani moja. La pili ni Toyota 86 la mwaka 2012, lenye injini ya lita 2, nguvu za farasi 200 na uzito wa kilo zipatazo 1,240. La tatu ni Suzuki Swift Sport lenye injini ya lita 1.4 na turbo, nguvu za farasi 140, na uzito usiofika tani moja.

Toyota 86 ndilo lililolalamikiwa zaidi. Waandishi wa magari wa Ulaya na Marekani waliusifu usukani wake na jinsi linavyopinda kona, kisha wakaongeza kwamba injini yake imepungukiwa. Lilipokuja toleo jipya mwaka 2021, kampuni ilikuwa imekuza injini hadi lita 2.4 na kufikisha nguvu za farasi 235.

Kwa Mkenya, uchaguzi huo pia una mkono wa sheria. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na ushuru wa bidhaa hupanda injini inapovuka sentimita za ujazo 1,500. Gari la sentimita 1,496 limesimama ukingoni kabisa mwa mstari huo, na mnunuzi anayejinyima ili kupata gari lake la kwanza la spoti hulitazama hilo kabla ya kutazama jambo jingine lolote.

Sasa na lilinganishwe na gari ambalo kila mkazi wa Turkana amewahi kuliona au kulipanda. Toyota Land Cruiser ya dizeli, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo, ambayo kwa miaka mingi imetumiwa na polisi, mashirika ya misaada na wamisheni katika eneo hilo, ina nguvu za farasi takriban 130. Ni zile zile za Mazda! Tofauti ni kwamba Land Cruiser ina uzito unaozidi tani 2 hata kabla ya kupakiwa mapipa ya maji na magunia. Kwa hesabu ya nguvu kwa kila tani, gari dogo limeliacha lile kubwa kwa zaidi ya mara mbili.

Hata hivyo, nguvu hizo hazipatikani kwa namna moja. Injini ya dizeli hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha magurudumu, Newton-mita zipatazo 285, ikiwa imefikisha mizunguko 2,200 tu kwa dakika. Ile ya Mazda hutoa kama 150, na ili kuzipata sharti injini ilie hadi karibu mizunguko 4,800. Swift Sport, kwa sababu ya turbo, hutoa 230 katika mizunguko 2,500. Dereva anayesema gari lake "halina nguvu" mara nyingi analalamikia jambo hili bila kulijua: nguvu zipo, lakini zimewekwa juu, na yeye ameacha gia ile ile akisubiri gari livute.

Jambo la pili lisilotajwa na wauzaji ni hewa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kama mtu avutavyo pumzi, na hewa ya milimani ni nyepesi. Kapenguria iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo, gari la nguvu za farasi 130 hubaki na kama 103. Likishuka kupitia Marich hadi nyanda za Turkana, hewa huwa nzito tena. Lodwar iko kwenye mita 500 hivi, na ingawa joto la mchana la nyuzi 35 au zaidi huipunguza hewa uzito, gari hilo hilo hurudishiwa karibu nguvu 118. Kandokando ya Ziwa Turkana, kwenye mita 360 hivi, hupata kidogo zaidi. Kwa maneno mengine, gari la Nairobi lina nguvu nyingi zaidi Lodwar kuliko nyumbani kwake. Lenye turbo halisumbuliwi sana na tofauti hiyo, kwani turbo huisukuma hewa ndani kwa lazima.

Je, hizo 103 zatosha mlimani? Gari la tani moja lenye watu wawili na mizigo yao, likipanda mteremko wa asilimia 7 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, linahitaji kama nguvu za farasi 30, ukijumlisha upinzani wa upepo na wa matairi. Kwenye lami tambarare, mwendo wa kilomita 100 kwa saa huhitaji kama 20 tu. Sheria ya Kenya nayo hairuhusu mwendo unaozidi kilomita 110. Nguvu zinazobaki ni za kumpita mbele dereva wa lori, na hapo wepesi wa gari husaidia kuliko ukubwa wa injini, mradi dereva ateremshe gia kwanza.

Kwa hiyo hadi Kakuma hakuna mjadala. Barabara kuu ya A1 kutoka Lokichar kupitia Lodwar hadi karibu na mpaka wa Sudan Kusini ilijengwa upya kwa lami katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kinachoweza kumzuia mwenye gari dogo ni laga, ile mito ya msimu kama Kawalase ulio karibu na Lodwar na Tarach unaopita Kakuma, ambayo hukauka kwa miezi mingi kisha ikajaa kwa saa chache mvua inyeshapo mbali milimani. Gari la kilo 1,000 hubebwa na maji upesi kuliko la kilo 2,000, na hilo ni deni la wepesi ambalo vitabu vya mauzo havilitaji.

MCHANGA UNAPOANZA

Kati ya Lodwar na Kakuma kuna njia panda ya Lokitaung. Anayekwenda Todonyang huiacha barabara kuu hapo na kuelekea kaskazini mashariki. Lokitaung ndiko serikali ya kikoloni ilikowafunga Jomo Kenyatta na wenzake baada ya kesi ya Kapenguria ya mwaka 1953, na mtu akiisafiri njia hiyo haoni ajabu kwa nini palichaguliwa. Baada ya Lokitaung hushuka hadi pwani ya ziwa huko Lowarengak, kisha Todonyang. Kutoka Lodwar ni zaidi ya kilomita 200 kwa jumla.

Hapa ndipo hesabu ya nguvu za farasi inapoacha kueleza mambo, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua.

Kwenye lami, gari la spoti lenye watu wawili, jumla ya kilo 1,200 hivi, hupambana na upinzani wa matairi usiofikia kilo 15. Kwenye mchanga mlegevu upinzani huo waweza kufikia robo ya uzito wote, yaani kilo 300. Kuushinda kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa kunahitaji nguvu za farasi 22 tu. Injini inazo 118. Nguvu, basi, zimezidi mara tano.

Lakini gari husukumwa na mshiko wa matairi ardhini. Gari la spoti la aina ya Mazda au Toyota 86 huendeshwa na magurudumu mawili ya nyuma, ambayo hubeba kama nusu ya uzito, kilo 600. Mchanga mlegevu hutoa mshiko wa nusu ya uzito huo au pungufu. Hiyo ni kilo 300 kwa bahati nzuri, sawasawa na upinzani uliopo mbele. Hakuna hata kilo moja iliyobaki ya kuliondoa gari likishasimama. Dereva akikanyaga mafuta zaidi, matairi huzunguka papo hapo na kuchimba shimo. Nguvu za farasi 235 zingechimba shimo hilo upesi zaidi.

Land Cruiser, ikiwa na uzito wa kilo 2,500 pamoja na mizigo, hukabili upinzani wa kilo 625, lakini magurudumu yake yote manne husukuma, na mshiko wake waweza kufika kilo 1,250. Inabaki akiba ya nusu nzima. Aidha tumbo lake liko zaidi ya sentimita 20 kutoka ardhini, ilhali la Mazda liko kama sentimita 14. Mchanga ukigusa tumbo, matairi huning'inia, na mazungumzo kuhusu injini huishia hapo.

Madereva wazoefu hupunguza upepo wa matairi ili yatandae juu ya mchanga. Matairi ya gari la spoti ni mapana lakini kimo cha ubavu wake ni kidogo, kwa hiyo hayana mahali pa kutandaa. Ukiyapunguza sana rimu hugonga jiwe. Jambo baya zaidi ni kwamba Mazda MX-5 haliji na tairi la akiba bali dawa ya kuziba tundu na pampu ndogo, vifaa ambavyo havimsaidii mtu aliyepasuliwa tairi na mwamba.

Katika njia ya Todonyang hilo si usumbufu mdogo. Vituo vya mafuta na gereji ni adimu, joto halina huruma, na nafasi ya mizigo ya gari la viti viwili haitoshi maji ya siku mbili, tairi na majembe kwa pamoja. Eneo lenyewe limeshuhudia mapigano ya muda mrefu kati ya Waturkana na Wadasanachi wa Ethiopia, wanaogombania malisho na uvuvi. Watu wengi waliuawa Todonyang mwaka 2011, na Februari 2025 wavuvi walishambuliwa tena karibu na mpaka. Gari lililokwama hapo kwa nusu siku huwa limemweka mwenyewe mahali ambapo watu wa huko wenyewe huchagua saa ya kupita.

MAGARI MADOGO YALIYOSHINDA

Wapo watakaosema kuwa historia ya Safari Rally inapinga hayo yote, na kwa sehemu wana haki. Mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya aliendesha Mitsubishi Lancer 1600 GSR akamshinda Björn Waldegård wa Uswidi aliyekuwa na Porsche 911. Lancer hiyo, kama ilivyouzwa dukani, ilikuwa na nguvu za farasi 110 na uzito wa kilo 825. Mwaka 1976 Singh alishinda tena, na Lancer zikachukua nafasi zote tatu za kwanza.

Kabla ya hapo, mwaka 1964, Erik Carlsson alimaliza wa pili kwa Saab 96, gari lenye injini ya silinda tatu isiyofika hata lita moja. Ndiye aliyekwama matopeni katika mashindano hayo, na yeye na msaidizi wake wakalipindua gari lao juu chini ili kulitoa.

Lakini magari hayo yaliinuliwa, yakatiwa springi ngumu na bamba la chuma chini ya injini, na kila kituo kilikuwa na mafundi wanaosubiri. Ushindi wao unathibitisha kwamba wepesi huweza kuushinda ukubwa wa injini katika barabara mbovu. Hauthibitishi kwamba gari lililoshushwa chini kwa ajili ya kona za lami litafanya hivyo hivyo. Anayetafuta mrithi wa kweli wa Lancer ya Singh miongoni mwa magari ya bei nafuu angekaribia zaidi akitazama Probox, gari la mizigo lenye injini ya lita 1.5 na uzito wa tani moja na kidogo, ambalo Wakenya huliendesha kana kwamba wametangaziwa zawadi mwishoni.

Mwenye gari la spoti anayetaka kuiona Turkana anaweza basi kulifikisha Lodwar na Kakuma, na kulifurahia, asubuhi kabla lami haijapata moto na nje ya msimu wa mvua. Kwa Lokitaung na Todonyang itambidi aliache Lodwar na kutafuta nafasi katika Land Cruiser inayokwenda huko na wenyeji wanaoijua hali ya siku hiyo.

Chombo chepesi kinachofika huko kila mara ni pikipiki ya bodaboda ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, yenye nguvu za farasi takriban 12. Nayo huzama mchangani kama gari lolote. Ila ikizama, abiria hushuka, dereva huacha injini ikivuta polepole katika gia ya kwanza, na wote wawili huisukuma hadi mahali pagumu.