Sikio litokalo usaha si la kupuuzwa

Katika vijiji na mitaa mingi humu nchini, mtoto anayetokwa na usaha sikioni huhesabiwa kuwa na maradhi ya utotoni yatakayoisha yenyewe akikua. Mzazi humfuta shavu, humtia pamba sikioni, na siku zikapita. Wataalamu wa masikio hawakubaliani kamwe na mtazamo huo. Usaha unaodumu kwa majuma mawili au zaidi aghalabu huashiria kwamba kiwambo cha sikio, yaani ile ngozi nyembamba inayotenga sikio la nje na sikio la kati, kimetoboka, na kwamba mtoto huyo tayari hasikii sawasawa.

Mara nyingi chanzo chake ni mafua. Upo mrija unaounganisha sehemu ya nyuma ya pua na sikio la kati. Kwa watoto wadogo mrija huo ni mfupi na umelala, hivyo viini huupenya kwa urahisi. Sikio la kati hujaa usaha, mtoto akashikwa na homa na kulia usiku kucha akilivuta sikio lake. Kisha kiwambo hupasuka, usaha ukatoka na maumivu yakatulia. Hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika, wakadhani mtoto amepona ilhali maradhi yamehamia hatua nyingine.

Kwa kawaida mtoto wa namna hii hawi kiziwi kabisa. Husikia sauti, ila konsonanti nyepesi kama vile 's', 'f' na 't' humpotea. Katika darasa lenye wanafunzi wengi, mwalimu akiwa ameuelekea ubao, maneno humfikia nusunusu. Matokeo yake ni kuitwa mzito wa kuelewa, au mtundu asiyetii, na pengine kuadhibiwa kwa kosa lisilo lake. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Sikio linalozungumziwa hapa si la kufa, na dawa ipo.

Dawa hiyo, hata hivyo, si mafuta ya moto, maziwa ya mama, wala mafuta ya taa. Vitu hivyo huunguza au huingiza viini vipya. Hata kulikausha sikio peke yake hakutoshi. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wanafunzi wa shule za msingi katika iliyokuwa Wilaya ya Kiambu, na kuchapishwa mwaka 1996 katika jarida la kitabibu la The Lancet, uliwalinganisha watoto waliokaushwa masikio tu, waliokaushwa na kupewa dawa, na ambao hawakutibiwa. Baada ya majuma 16, usaha ulikuwa umekoma kwa asilimia 51 ya waliopewa dawa. Kwa waliokaushwa tu ilikuwa asilimia 22, sawa na wale ambao hawakutibiwa kabisa.

Kwa hivyo mambo hayo mawili huenda pamoja. Kitambaa safi cha pamba au karatasi laini yenye nguvu husokotwa kama utambi, ikatiwa sikioni taratibu hadi ilowe, ikatolewa na kutiwa nyingine mpaka sikio likauke. Ndipo hutiwa dawa ya matone. Kwa kawaida kazi hii hurudiwa mara tatu kwa siku kwa majuma mawili. Matone yanayopendekezwa ni ya jamii ya siprofloksasini. Yale yenye jentamisini au neomisini yanahitaji tahadhari, kwani yakipenya tundu la kiwambo yanaweza kudhuru sikio la ndani. Ndiyo maana si busara kununua matone dukani kabla ya mhudumu wa afya kulimulika sikio na kuona hali ya kiwambo.

Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni dharura: mtoto apelekwe hospitalini siku iyo hiyo. Usaha wenye harufu mbaya usiokoma licha ya matibabu nao huenda ukawa dalili ya ngozi iliyoota ndani na inayokula mifupa ya sikio. Hali hii haiponi bila upasuaji. Tundu ambalo halikuziba lenyewe, nalo huweza kufunikwa na daktari wa upasuaji kwa utando unaotolewa juu ya msuli ulio karibu na sikio lenyewe.

Usaha ukishakauka, usikivu hauna budi kupimwa. Daktari hugonga uma wa chuma na kuuweka kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, halafu mbele ya tundu la sikio. Mgonjwa akisikia vizuri zaidi kupitia mfupa, kasoro iko katika sikio la nje au la kati, na huenda ikarekebishwa kwa dawa au upasuaji. Kipimo cha mashine hufuata, kikionyesha kiasi cha upungufu kwa desibeli.

Kasoro ikiwa katika sikio la ndani au mshipa wake wa fahamu, kama itokeavyo baada ya homa ya uti wa mgongo, matubwitubwi, au kelele nyingi za muda mrefu, kwa kawaida hairudishwi kwa dawa. Hapo husaidia vifaa vya kukuza sauti, na kwa baadhi ya watu kifaa kinachopandikizwa ndani ya sikio. Isipokuwa mtu akipoteza usikivu ghafla, kwa saa chache au siku mbili tatu: huyo amwone daktari mara moja, kwani kuna dawa ambazo manufaa yake hupungua sana majuma mawili yakipita.

Mtoto ambaye kiwambo chake hakijaziba asiogelee mtoni wala kwenye bwawa. Akioga, pamba iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka itiwe sikioni, na itolewe mara tu amalizapo, maana pamba inayoachwa humo hufungia unyevu.