Turbo kwenye Land Cruiser ya zamani: historia ya pumzi inayopotea mlimani

Kutoka bonde la Rwindi kupanda Kabasha hadi Kanyabayonga, gari la mazutu lisilo na turbo linajitambulisha lenyewe. Linarudi gia ya pili, linatoa moshi mweusi, na sindano ya joto inaanza kupanda. Mwezi wa Juni 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, familia nyingi zilikimbilia Kayna, Kirumba, Lubero, na wengine wakafika hadi Butembo. Aliyepata nafasi ndani ya gari alishukuru Mungu. Ila gari lenye mzigo wa kupita kiasi kwenye mlima kama huo likifa, wote walio ndani wanabaki barabarani na magodoro yao.

Ndiyo maana swali moja halikomi katika magaraji: Land Cruiser ya zamani, ile yenye motere ya 1HZ, inaweza kuongezewa turbo? Jibu ni ndiyo, inaweza. Lakini historia ya kifaa hicho inaonyesha kwa nini ndiyo hiyo ina masharti.

Turbo si kitu cha jana. Mwaka 1905 injinia wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha wazo lake: moshi unaotoka kwenye motere bado una nguvu, sasa kwa nini upotee bure? Uzungushe gurudumu dogo, na gurudumu hilo lisukume hewa irudi ndani ya silinda. Wazo lilikuwa sahihi, ila vyuma vya wakati ule havikuweza kuvumilia joto. Ilibidi kungoja hadi katikati ya miaka ya 1920, motere kubwa za mazutu za meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilipotoka nguvu ya farasi 1750 na kufikia 2500. Mwaka 1938 kampuni ya Saurer, nayo ya Uswisi, ikaweka turbo kwenye motere ya lori.

Katikati ya hapo kuna kisa kinachowahusu zaidi watu wa milimani. Mwaka 1918 Sanford Moss, injinia wa kampuni ya General Electric ya Marekani, alipakia motere ya ndege juu ya lori na kuipandisha hadi kilele cha Pikes Peak, kwenye mita 4300 hivi. Huko juu hewa ni nyepesi, na motere hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Moss alipoitia turbo, nguvu zilirudi kama za kando ya bahari. Hakuwa anatafuta mwendo wa mashindano. Alikuwa anadai kile ambacho mlima ulikuwa umenyang'anya.

Goma iko kwenye mita 1500 hivi, na hapo mgandamizo wa hewa ni karibu 85 kwa mia ya ule wa baharini. Njia inayopanda kuelekea Lubero inakwenda juu zaidi, na hewa inazidi kupungua. Motere inayosifiwa kuwa na farasi 130 baharini, Goma inabaki na kama 110 tu. Pampu isiyo na kifaa cha kupima mwinuko haijui habari hiyo: inaendelea kumwaga mazutu yale yale, na yale yasiyopata hewa ya kuyachoma yanatoka kama moshi mweusi. Kwa hiyo moshi ule wa Kabasha si lazima uwe dalili ya motere mbovu. Mara nyingi ni njaa ya hewa.

Tuje kwenye 1HZ yenyewe. Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990: silinda sita, lita 4.2, bila turbo. Mwaka huo huo kiwanda kilitoa ndugu yake, 1HD-T, yenye turbo. Wengi hudhani 1HD-T ni 1HZ iliyofungwa turbo tu. Si hivyo hata kidogo. Katika 1HD-T mazutu yanapulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, na hewa inabanwa mara 18.6. Katika 1HZ mazutu yanawaka kwanza ndani ya chumba kidogo kilicho kwenye kichwa cha silinda, na hewa inabanwa zaidi ya mara 22. Kubana kwingi hivyo kunaifanya iwake vizuri hata asubuhi ya baridi, lakini hakuiachii nafasi kubwa ya kubeba hewa ya nyongeza. Toyota ilipotaka turbo ilibadilisha motere, na hilo fundi mwenye akili halidharau.

Wateja hawakungoja kiwanda. Australia, wafugaji na wasafiri wa jangwani walivuta trela nzito kwa 1HZ na wakachoka kwenda polepole. Karakana za huko zikaanza kuuza seti kamili: bomba jipya la kukusanya moshi, turbo, njia ya kuleta oili na njia ya kuirudisha chini kwenye karta, mabomba ya hewa, na bomba la moshi pana kuliko la zamani. Kufunga si kazi ya miujiza. Sehemu inayohitaji uangalifu ni oili: gurudumu la turbo linaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na linaelea juu ya oili hiyo. Bomba la kurudisha likiwa jembamba au limepinda kwenda juu, oili inafurika na kuvuja ndani ya moshi. Na filta ya hewa iliyotoboka, kwenye vumbi la barabara zetu, inaua turbo mpya kwa muda mfupi.

Walioharibu motere zao wengi hawakuzihariba siku ya kufunga. Waliziharibu siku ya kufungua skurubu ya mazutu ili gari livute zaidi. Seti nyingi za 1HZ huwekwa kwenye nusu bar hivi ya mgandamizo. Mazutu yakizidi hewa, joto la moshi linapanda, kichwa cha silinda kinapasuka karibu na vile vyumba vidogo, na pistoni inayeyuka. Alumini halisi inayeyuka kwenye digrii 660, na pistoni imetengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Kwa sababu hiyo seti isiyo na saa ya kupima joto la moshi ni seti pungufu, hata kama muuzaji anaisifu.

Hapa watu wa Kivu wana bahati ndogo ambayo mtu wa pwani hana. Ili kurudisha Goma hewa ya kando ya bahari inatosha robo bar au hata chini yake, bila kugusa skurubu ya mazutu. Moshi unapungua, joto linashuka, na gari linapanda kwa gia ya tatu pale lilipokuwa linapanda kwa ya pili. Motere haibebi zaidi ya ile iliyokusudiwa na walioichora. Kazi ya Moss kule Pikes Peak ilikuwa hiyo hiyo.

Inabaki tabia ya dereva. Baada ya kupanda mlima, motere yenye turbo iachwe iungurume polepole dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, maana oili iliyosimama ndani ya turbo yenye moto inaungua na kuwa makaa. Oili ibadilishwe mapema kuliko zamani. Wengi hawapitishi kilomita 5000. Na kama kichwa cha silinda kiliwahi kupasuka au maji yanapungua bila sababu, hayo yatengenezwe kwanza. Fedha za turbo zingoje.