Nafasi Sita za Mwaka 2018: Jinsi Musoma Ilivyoingia Ligi Kuu

Kwa miaka mingi, mkazi wa Musoma aliyetaka kuiona Simba au Yanga kwenye mechi ya ligi alikata tiketi ya basi, akapita Bunda, akaambaa na mpaka wa Serengeti hadi Mwanza. Huko ndiko mpira mkubwa wa Kanda ya Ziwa ulikokuwa. Mara ilikuwa na wachezaji, ilikuwa na Uwanja wa Karume katikati ya mji wa Musoma, na ilikuwa na mashabiki wenye sauti. Nafasi ndiyo iliyokosekana. Ilipopatikana, mwaka 2018, ilitokana na mambo mawili yaliyokutana msimu mmoja: timu iliyokuwa imara na kanuni iliyokuwa imebadilika.

Ligi ya taifa ya Tanzania ilianza mwaka 1965, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo baadaye ikawa Simba. Tangu mwanzo timu za mikoani zilibeba mzigo ambao wenzao wa Dar es Salaam hawakuujua, yaani safari ndefu kwa fedha kidogo. Zilizofanikiwa mara nyingi ziliegemea shirika au taasisi. Morogoro ilikuwa na Reli, Moshi ikawa na Ushirika, na Mwanza ikawa na Pamba, timu iliyobeba jina la zao lililolimwa pia Bunda na vijiji vinavyoizunguka. Pamba ilifika robo fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka 1990, na kwa watu wengi wa Mara hiyo ndiyo iliyokuwa timu ya nyumbani, ingawa nyumbani kwenyewe kulikuwa mkoa wa jirani.

Mfano uliotajwa sana mikoani enzi hizo ulikuwa wa Tukuyu Stars. Timu hiyo ya Rungwe ilipanda daraja na mwaka 1986, katika msimu wake wa kwanza tu juu, ikautwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Kila kocha wa mkoani aliwasimulia vijana wake habari hiyo. Jambo ambalo halikusimuliwa sana ni idadi ya timu zilizofia njiani kabla ya kufika alipofika Tukuyu.

Njia yenyewe ni ndefu. Klabu mpya huanza ligi ya wilaya, kisha ligi ya mkoa. Bingwa wa mkoa huenda kwenye Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, mashindano yanayowakutanisha mabingwa wa nchi nzima kwa siku chache katika vituo maalumu, ambako timu inaweza kupoteza jasho la mwaka mzima kwa mechi moja mbaya. Anayevuka hapo huingia ngazi iliyokuwa ikiitwa Daraja la Pili, halafu Daraja la Kwanza, ndipo Ligi Kuu. Mwaka 2021 majina yalibadilishwa: Daraja la Kwanza likawa Championship, na Daraja la Pili likawa First League. Ngazi zilibaki zilezile.

Mara ilipanda ngazi hizo kwa kutegemea zaidi timu za majeshi. Kikosi cha JKT Rwamkoma, kilichoko wilaya ya Butiama, kilikuwa na timu iliyocheza Daraja la Pili msimu wa 2015/16, katika kundi moja na Alliance na Pamba za Mwanza. Musoma ilikuwa na Polisi Mara, iliyopigania Daraja la Kwanza. Timu ya jeshi ina faida zake: wachezaji wana ajira, kambi ipo, na gari hupatikana. Hata hivyo Polisi Mara ilikutana na ukuta ambao mazoezi pekee yasingeubomoa, nao ni uchache wa nafasi za kupanda.

Msimu wa 2014/15 Daraja la Kwanza lilikuwa na makundi mawili ya timu 12, na kila kundi lilipandisha mbili. Kundi la Polisi Mara liliwapandisha Mwadui ya Shinyanga na Toto African ya Mwanza. Mfumo ukageuzwa, yakawa makundi matatu ya timu nane nane, na kila kundi likapandisha timu moja tu. Timu zote nane zilijua tangu mwanzo kwamba msimu ungeweza kuisha bila kitu mkononi, hata kwa aliyeshika nafasi ya pili kwa tofauti ya bao moja.

Shinikizo hilo lilizaa aibu. Februari 2016, siku ya mwisho ya Kundi C, Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zikifukuzana kwa tofauti ya mabao. Geita ikaifunga JKT Kanembwa 8-0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Kamati ya Nidhamu ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaziadhibu timu zote nne kwa kupanga matokeo, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza. Hakuna udhuru kwa waliouza mechi. Lakini kanuni inayompa mmoja kila kitu na kuwaacha saba na deni la nauli nayo ilistahili kuhojiwa, na haikuhojiwa vya kutosha. Msimu uliofuata, 2016/17, Polisi Mara ilikuwa tena kwenye Kundi C, na aliyepanda alikuwa mmoja tu: Singida United.

Ndipo ukaja msimu wa 2017/18. Jina la Polisi Mara halikuwamo tena kwenye orodha ya Daraja la Kwanza, na Musoma ikawakilishwa na klabu ya Biashara. Makundi yalikuwa yaleyale matatu, lakini TFF iliamua kuikuza Ligi Kuu kutoka timu 16 hadi 20. Mbili tu zingeshuka kutoka juu, na sita zingepanda kutoka chini, mbili kila kundi. Nafasi zilikuwa zimeongezeka mara mbili kwa mpigo.

Kundi C lenyewe halikuwa la mchezo. Biashara ilipangwa na Alliance, Pamba na Toto African, zote za Mwanza, Rhino Rangers ya Tabora, JKT Oljoro ya Arusha, Dodoma FC, na Transit Camp, timu ya jeshi. Kila timu ilicheza mechi 14, saba nyumbani na saba ugenini. Katika mechi 14 hakuna muda wa kujitafuta. Vipigo viwili mfululizo vinakutoa kwenye mbio, na sare ya nyumbani dhidi ya timu ya mkiani inaweza kukugharimu mwaka mzima. Ratiba, hata hivyo, iliibeba Musoma kidogo. Safari tatu kati ya saba za ugenini zilikuwa za Mwanza, mwendo wa saa chache kwa basi, badala ya siku nzima barabarani kuelekea kusini au pwani.

Msimu ulipoisha, Biashara na Alliance zikapanda. Toto African, iliyokuwa imetoka tu kushuka kutoka Ligi Kuu, ikabaki chini. Dodoma FC ikasubiri hadi 2020. Pamba, ile ya robo fainali ya Afrika, ikaendelea kusota na ikarejea Ligi Kuu mwaka 2024 tu. Kwa kanuni ya mwaka uliotangulia, mmoja kati ya Biashara na Alliance naye angebaki.

Furaha ya Musoma ilikuwa kubwa, lakini mwaka wenyewe ulikuwa mgumu kwa mgeni. Msimu wa 2018/19 ulikuwa na timu 20 na mechi 38 kwa kila klabu, na ligi haikuwa na mdhamini mkuu baada ya mkataba wa Vodacom kumalizika. Klabu zilizozoea kupata fedha za nauli kutoka kwa mdhamini zikaachwa zijitegemee. Kwa timu ya Musoma hesabu hiyo ni nzito kuliko ya timu ya Dar es Salaam, ambayo baadhi ya mechi zake za ugenini huchezwa mtaa wa pili. Biashara ilianza na kocha Hitimana Thierry kutoka Rwanda, kisha ikamkabidhi timu Amri Said. African Lyon, moja ya timu zilizopanda nayo, ikashuka msimu huohuo. Biashara ikapona.

Mashabiki waliwaita wachezaji wake Wanajeshi wa Mpakani, jina linalofaa mkoa unaogusana na Kenya pale Sirari. Mpaka huo nao ulisaidia: mwaka 2019 klabu ikamchukua kocha Francis Baraza kutoka Kenya, na chini yake timu ikajengeka na kuwa ngumu kufungika, hasa Karume. Baraza aliondoka kwenda Kagera Sugar kabla ya msimu wa 2020/21 kwisha, na Mkenya mwenzake, Patrick Odhiambo, akaipokea timu. Msimu huo ndio kilele cha historia ya soka ya Mara. Biashara ilimaliza ya nne Ligi Kuu, nyuma ya Simba, Yanga na Azam, na ikafika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ambako Yanga iliitoa kwa bao 1-0 mjini Tabora.

Nafasi ya nne kwa kawaida haimpeleki mtu Afrika. Mwaka huo ilimpeleka. Simba ilikuwa imefika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mara mbili ndani ya misimu mitatu, na matokeo hayo yakaipa Tanzania nafasi nne badala ya mbili kwenye mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Nafasi ya bingwa wa kombe nayo ilikuwa wazi, kwa kuwa Simba na Yanga, zilizocheza fainali, zilishafuzu kupitia ligi. Kwa mara ya pili, Musoma ikanufaika na milango iliyopanuliwa na wengine, na kwa mara ya pili ikawa na timu iliyostahili kupita.

Septemba 28, 2021, Simba ilikuja Karume kufungua msimu mpya wa ligi. Mechi iliisha 0-0, na John Bocco, nahodha wa Simba, akakosa penalti dakika za mwishoni. Kwa waliokuwa jukwaani siku ile, Biashara ilionekana kuwa timu ya kudumu.

Mechi za Afrika zilichezwa mbali na macho ya Mara, kwa kuwa mechi za nyumbani zilipelekwa Dar es Salaam. Biashara iliitoa Dikhil ya Djibouti, kisha Oktoba ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0. Ilibaki mechi ya marudiano Libya, na mabao mawili ya akiba. Timu haikufika. Matatizo ya usafiri yaliizuia kuondoka Tanzania, mechi haikuchezwa, na CAF ikawapa Walibya nafasi ya kusonga mbele. Klabu iliyokuwa imepambana na nauli tangu Daraja la Kwanza ilitolewa Afrika kwa sababu ya safari, bila kufungwa hata bao moja na timu iliyochukua nafasi yake.

Mwaka huohuo fedha ziliingia kwenye ligi. Mei 2021 TFF na Azam Media zilitia saini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu. Lakini ligi nayo ilikuwa imeanza kupunguzwa: kutoka timu 20 hadi 18, kisha 16 msimu wa 2021/22. Biashara ikamaliza msimu huo katika nafasi mbili za mwisho pamoja na Mbeya Kwanza, ikashuka. Iliingia Ligi Kuu mwaka ambao nafasi zilikuwa nyingi na fedha hakuna, ikatoka mwaka ambao fedha zilikuja na nafasi zikapungua.

Kati ya sita zilizopanda 2018, nne zilishashuka kufikia 2022: African Lyon, Alliance, JKT Tanzania na Biashara. Zilizobaki wakati huo zilikuwa Coastal Union, yenye historia ndefu na mji wa Tanga nyuma yake, na KMC, inayomilikiwa na Manispaa ya Kinondoni. Tofauti yao na Biashara haikuwa miguuni kwa wachezaji. Ilikuwa kwa anayelipa hoteli timu inapofungwa mechi nne mfululizo.

Biashara ilijaribu tena. Msimu wa 2023/24 ilifika mechi za mchujo, ambazo sasa ndizo njia ya tatu ya kupanda. Katika Championship wawili wa juu hupanda moja kwa moja, wa tatu na wa nne hucheza wenyewe kwa wenyewe, na mshindi hukutana na timu ya Ligi Kuu iliyoponea chupuchupu. Juni 2024 aliyekutana na Biashara alikuwa Tabora United. Karume, Biashara ilishinda 1-0. Tabora ikarudisha kwa 2-0 nyumbani kwake, na Musoma ikabaki Championship kwa bao moja.

Wakati macho yakiwa Karume, Bunda ilikuwa imepita njia yake. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na Mlandizi Queens ya Pwani ikawa bingwa wa kwanza. Msimu wa 2023/24 Bunda Queens iliingia kwenye ligi hiyo ya timu 10 sambamba na Geita Gold Queens, ikawekwa ratiba moja na Simba Queens, JKT Queens na Yanga Princess. Msimu uliofuata ilikuwa bado ipo. Kwa hiyo Biashara ilipokuwa ikihangaika Championship, mkoa wa Mara uliendelea kuwa na timu kwenye Ligi Kuu, na timu hiyo ilikuwa ya wasichana. Halmashauri na wafanyabiashara wa Musoma, Bunda na Butiama wana nafasi ya kuwahi kuichangia.